Stoo Isiyo na Mlango

Jina la Mama Kreti hakupewa na wazazi wake. Alipewa na harusi za watu. Mtu akiwa na sherehe, na hataki vinywaji vimtie umaskini, alimtafuta mama huyu mwenye mwili wa kujaza mlango, sauti ya chini na macho makavu. Alimkabidhi stoo asubuhi. Jioni alimkuta ameketi juu ya kreti lililopinduliwa, na nyuma yake yamepangwa makreti ambayo hayajaguswa, tayari kurudishwa dukani na pesa yake kurudi mfukoni. Watu wengine wakisimamia vinywaji, mwenye shughuli hubaki na chupa tupu na kichwa kinachouma. Mama Kreti alikuacha na cha kurudisha.

Kusoma hakujua. Wanywaji aliwajua.

Alijua kwamba mtu mwenye njaa hunywa kama mchanga, kwa hiyo alisisitiza chakula kitoke kabla ya hotuba. Watu wakishiba wanalegea, mkono unakuwa mzito kwenye glasi. Alijua kwamba bia zikipozwa zote kwa pamoja zitaondoka zote kwa pamoja. Yeye aliweka chache tu kwenye pipa la barafu, na aliyetaka ya pili alingoja ipoe. Akingoja anapiga soga, soga ikikolea anasahau alichokuwa anangojea. Aliweka aina mbili tu za bia, maana ukiweka tano kila mtu anajifanya hakimu, anaonja zote. Pombe kali hakuiruhusu hata kwa dua. Aliyeitaka alikuja nayo tumboni kutoka kwao. Na chupa zilifunguliwa dirishani, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu chupa iliyofunguliwa haiingii kwenye mkoba wa mtu, wala haijifichi chini ya kitambaa cha meza ikingoja kupelekwa nyumbani.

Kwa njia hiyo alikuwa amehudhuria harusi nyingi, na hakuwa ameona hata moja. Keki ilipokatwa yeye alikuwa stoo. Wenye shughuli walipomwambia aje ale kipande, aliwajibu kwamba saa ya keki ndiyo saa ya wizi, watu wote wanatazama mbele na hakuna anayetazama nyuma. Alisikia vigelegele kupitia ukutani, kama mtu asikiavyo mvua akiwa kitandani.

Kabla ya hapo alikuwa na baa. Tuseme hivyo, ingawa karatasi zilisema vingine. Yeye na mumewe walianza kuuza vinywaji kupitia dirisha la chumba chao cha kupanga. Yeye ndiye aliyesimama ndani ya dirisha, mumewe akikaa nje na wateja, akicheka nao na kuitwa Bosi. Dirisha likawa kibanda, kibanda kikawa baa yenye kaunta ndefu na viti vya kuzunguka. Leseni ikaandikwa jina la Bosi, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuliandika. Kisha akaletwa msichana wa kusaidia upande wa pesa, mwenye kucha ndefu na adabu tele, aliyemwita mke wa Bosi "dada" asubuhi, mchana na jioni. Siku moja dada akaambiwa apumzike kidogo, amechoka. Alipumzika hivi kwamba alipokuja kuamka hakuwa na kaunta, wala kitanda, wala mume. Msichana yule siku hizi anaitwa Madamu.

Majirani walingoja kelele. Wengine walikuwa tayari hata kumsaidia kuzipiga. Hawakusikia kitu. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji. Watoto walibaki kwa baba yao, kwenye ada ya shule na vitanda vya kutosha. Kitu fulani ndani yake kilikufa ganzi, na yeye akakiacha hivyohivyo, maana kisichosikia hakiumi.

Basi asubuhi moja akiwa anaanika aproni zake uani, akasikia sauti aliyoijua.

"Hodi humu!"

Alikuwa Bosi, tumbo mbele, na nyuma yake binti yao mkubwa.

"Karibuni," akasema, bila kuacha kubana nguo kwenye kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni harusi hiyo, mama. Inamtafuna mtu."

Habari za harusi zilikuwa zimemfikia kwa kupita pembeni. Wakwe walipokuja kujitambulisha walipokelewa nyumbani kwa Bosi. Madamu ndiye aliyewakaribisha, akawatengea chakula, akawasindikiza mpaka kwenye gari. Wakaondoka wakijua wamemwona mama wa binti. Yeye aliyemzaa aliambiwa baadaye, kwa simu, mtandao ukikatika-katika.

Waliingia ndani. Bosi akaketi kwenye kiti pekee, akazungusha macho chumba kizima, akachukua muda mfupi kukimaliza.

"Unaishi vizuri," akasema.

"Naishi."

"Mama watoto, nimekuja na shida. Hao wakwe zetu ni watu wa kukata maji, si mchezo. Walikuja kujitambulisha tu, friji yangu ikabaki na maziwa ya watoto. Nikiwaachia wahudumu wa ukumbi vinywaji vyangu, nitauza baa."

"Iuze."

Binti alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Usinifanyie hivyo. Kwani nani asiyejua kwamba katika mji huu hakuna anayelinda kinywaji kama wewe? Hata mimi nawaambia watu. Na sisemi bure. Tutakulipa kama wengine wanavyokulipa."

"Harusi ya mwanangu silipwi."

"Hapo sasa!" Bosi akapiga paja, furaha ikamjaa usoni kama mtu aliyeokota noti barabarani. Alikuwa mkono wa birika tangu ujana, utajiri ulikuwa umemzidishia tu.

"Sijamaliza. Nataka kitu kimoja."

"Sema."

Mama Kreti alikaa ukingoni mwa kitanda, kando ya binti yake, akatazama sakafu ya saruji alipokuwa akisema, kama anayeisomea bei.

"Keki ikikatwa nataka kusimama mbele. Mimi. Mwanangu anilishe, wakwe wakiona. Na nitangazwe kwa kipaza sauti kwamba mimi ndiye mama yake. Hicho tu. Baada ya hapo nitarudi stoo, nitalinda mpaka chupa ya mwisho."

Binti alikuwa anatazama kucha zake.

"Mama, sasa hilo nalo la kuomba?"

"Ndiyo maana naliomba."

"Kiti chako kipo," Bosi akasema upesi. "Nani kakataa? Mama ni mama. Wote tunajua bila wewe huyu asingekuwepo." Akaendelea kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka walipofika mlangoni, na yeye akawaitikia, akarudi kwenye kamba ya nguo.

Wiki hiyo alikwenda duka la jumla la vinywaji kupanga masharti, kwa kuwa muuzaji alimwamini yeye kuliko wenye pesa. Masharti yalikuwa yaleyale: kreti lisiloanzwa linarudishwa, lililoanzwa limeliwa.

"Mama Kreti! Leo harusi ya nani?" muuzaji akamwuliza.

"Yangu."

"Umepata mtu?"

"Naozesha."

"Alaa! Hongera! Mbona uso umeukunja hivyo? Wanawake wanaoozesha huja hapa wakicheza kuanzia pale nje kwenye mtaro."

"Nikicheza utanipunguzia bei?"

"Nitapunguza, wallahi."

"Basi hesabu nimeshacheza."

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza, akapunguza kweli. Mama Kreti akatoka hapo akapitia kwa fundi cherehani kuchukua gauni, la rangi ya zambarau, lenye mikono mirefu. Lilikuwa nguo ya kwanza aliyojishonesha tangu aondoke kwa Bosi. Fundi alimwambia ajitazame kwenye kioo. Alijitazama, akaona gauni limekaa sawa, akalipa.

Sherehe ilipangwa kuanza mchana na kwisha jua likizama, kwa sababu ukumbi ukikodiwa usiku bei inapanda. Hilo lilikuwa wazo la Bosi. Mama Kreti alifika asubuhi, gauni amelivaa, juu yake aproni nzito ya kazi. Makreti yalikuwa yameshashushwa. Hakuyakuta kwenye stoo ya ukumbi, ile yenye mlango wa chuma. Yalikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kuwekea mafagio na viti vilivyovunjika. Kilikuwa na dirisha pana la kutolea vinywaji ukumbini, hilo lilikuwa zuri. Upande wa uani kulikuwa na uwazi wa mlango, bawaba mbili zenye kutu, na pazia la plastiki.

Akamwita Bosi, aliyekuwa anahangaika na waya za spika.

"Mlango uko wapi?"

"Upi?"

"Wa stoo."

"Aa, hao watu wa ukumbi ni wezi. Stoo yao wanaikodisha kwa bei ya peke yake, utadhani ni chumba cha hoteli. Nikawaambia nipeni hiki." Akamkonyeza. "Mlango wa nini na wewe upo?"

"Na nikiitwa mbele?"

"Utakwenda, dakika mbili, utarudi. Nitakuja kukaa mwenyewe."

"Wewe ndiye baba wa bibi harusi. Utaitwa pamoja na mimi."

Ilionekana hesabu hiyo Bosi hakuwa ameipiga.

"Tutapata mtu," akasema.

"Ungeniambia mapema ningekuja na mtu wangu."

"Mtu wako angetaka kulipwa, mama watoto. Leo tunabana, tunabana kila mahali." Akarudi kwenye waya zake.

Watu walianza kuingia. Chakula kikatoka mapema kama alivyotaka, na kwa muda mrefu ukumbini hakikusikika kitu ila vijiko. Mama Kreti alisimama dirishani, kifungulio kikining'inia kwenye mkanda wa aproni, akifungua na kutoa, akifungua na kutoa. Kutokea hapo aliuona ukumbi wote: meza za upande wao kushoto, meza za wakwe kulia, na mbele kabisa meza ndefu yenye maua, maharusi katikati, wazazi pembeni. Kiti kimoja upande wa bibi harusi kilikuwa kitupu. Alikihesabu kuwa chake, akaendelea na kazi.

Dada mmoja, mhudumu wa ukumbi, akarudi na sinia tupu, akicheka.

"Mama, meza ya wakwe wanasema bia zako zinakuja kwa miguu."

"Waambie njia ni mbaya."

"Wanasema wako tayari kuja kuichonga."

"Wape maji ya baridi wakati wanatafuta majembe."

Haikupita muda, mjomba wa bwana harusi akaja mwenyewe. Alikuwa pande la mtu, tai ameilegeza mpaka kifuani, uso unang'aa kwa shibe. Akaegemea dirisha kwa viwiko viwili.

"Wewe mama wa bia! Hivi tuko harusini au zahanati? Mbona tunapewa kwa dozi?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

"Umekula?" Mama Kreti akamwuliza.

"Nimekula mpaka nimekasirika."

"Ya baridi inakuja. Vumilia."

"Nivumilie mara ngapi? Niambie ukweli, huyo tajiri wako anakulipa kwa kila chupa unayoninyima?"

"Hanilipi."

"Basi ni ndugu yako."

"Hapana."

"Si ndugu, halafu hakulipi, na bado unanibania hivi! Angekuwa ndugu yako si ningekufa hapahapa dirishani?"

Watu wakacheka tena, na hata yeye upande mmoja wa mdomo ukasogea. Akamfungulia chupa, akampa. Angeweza kumwambia, mimi ni mkwe wenu, yule pale mwenye shela ni wa tumbo langu. Maneno yalikuwepo mdomoni yamepangwa. Ulimi haukuona haja ya kujisumbua. Atatangaziwa muda si mrefu, akawaza, na mwenye kutangaza atakuwa na kipaza sauti.

Mchana uliegemea jioni. Kazi ilikwenda kama alivyozoea, pengine vizuri zaidi. Ukutani makreti ambayo hayajaanzwa yalikuwa bado yamesimama mistari kwa mistari, zaidi ya alivyowahi kubakiza penye wanywaji wa namna ile. Yalikuwa mali ya mtu aliyemfukuza, na mikono yake iliyalinda kwa uaminifu uleule. Mikono haina kumbukumbu.

Kisha Madamu akatokea kwenye pazia la nyuma, amependeza, hakuna wa kubisha.

"Dada," akaita. Bado alimwita hivyo. "Marafiki zangu wamekaa meza ile ya pembeni, wamekuja kwa ajili yangu kabisa. Watolee kreti zima wawe nalo hapo mezani, wasisumbuke."

"Chupa zinafunguliwa hapa, moja moja."

"Kwa wageni wa kawaida, najua. Usinitie aibu, dada."

"Mwite Bosi aje aseme yeye."

Madamu akavuta pumzi kwa pua. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka pindo la gauni lililochungulia chini ya aproni.

"Gauni zuri. Ila humu litachafuka."

"Nikiitwa navua aproni."

Madamu akainua mkono kuweka sawa ua jeupe lililobanwa kifuani mwake, na hapo ndipo Mama Kreti alipoliona. Mama wa bwana harusi alikuwa na la namna hiyohiyo. Waliandaliwa mama wawili, maua mawili. Akalitazama kama alivyotazama chupa inapopasuka: imepasuka, fagia, endelea.

"Haya, dada. Kazi njema," Madamu akasema, akaondoka.

Spika zikakoroma.

"Mabibi na mabwana!" mshereheshaji akapaza sauti. "Saa tuliyoingojea imewadia! Keki, jamani, keki! Wazazi wa pande zote mbili tunawaomba hapa mbele!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Dada mhudumu na wenzake waliitwa kubeba sahani. Mama Kreti aligeuka kutazama pazia, akingoja huyo mtu aliyesemwa kwamba atapatikana. Pazia lilipepea, akaingia nzi. Nyuma yake uani kulikuwa na vijana wa upande wa wakwe, wamesimama tu na mikono mifukoni, wakizungumza kwa sauti ya watu wasiozungumza chochote.

Akahisi mtu dirishani. Alikuwa Bosi, jasho kwenye paji la uso.

"Mama watoto, nimekosa mtu. Na umewaona hao vijana hapo nyuma? Ukitoka sasa hivi ni kilio."

"Tulisema, Bosi."

"Tulisema, nakubali, sikatai. Lakini geuka utazame! Tazama ulivyoyaokoa makreti hayo! Yote hayo ni yangu ya kurudisha. Utayaacha kwa ajili ya kipande cha keki? Madamu atasimama tu hapo, ni dakika mbili, hakuna atakayeandika popote. Baadaye tutapiga picha, wewe na binti yako, nyingi, mpaka uchoke."

Aligeuka, akayatazama makreti. Ubaya ni kwamba Bosi alikuwa anasema kweli. Yeye mwenyewe angemwambia hivyohivyo mwenye shughuli yeyote: usiondoke, saa hii ndiyo ya wizi. Na mkono wake ulikuwa umeshakishika kifungulio bila kuulizwa. Mikono ilikuwa upande wa Bosi.

"Umeelewa, siyo?" Bosi akasema, akakimbilia mbele, suti ikimbana.

"Na sasa," spika ikanguruma, "mwanamke aliyetuletea ua hili tunaloliona leo! Mama! Mzazi! Wa! Bibi harusi!"

Kupitia dirishani alimwona Madamu akiinuka kwenye kile kiti, ambacho hakikuwa tena kitupu, na ukumbi ukimpigia makofi.

Hakuamua. Baadaye watu walisema alikuwa ameamua, alikuwa ameipanga tangu mwanzo ili amkomoe mumewe. Si kweli. Alikuwa anatazama tu makofi yale, na fundo la aproni likafunguka, na aproni ikawa juu ya pipa la barafu, na yeye akawa amepita kwenye pazia, amewapita wale vijana walionyamaza ghafla, amezunguka kona ya jengo na kuingia mlango mkubwa. Alitembea katikati ya meza kwa mwendo wa mtu anayepeleka sinia. Nyuma yake alisikia kreti la kwanza likiburutwa kwenye saruji. Alijua kwa mlio kwamba limejaa. Hakugeuka.

Alipofika mbele, Madamu alikuwa anatafuna. Binti alikuwa bado ameshika uma, anacheka na wapiga picha. Mshereheshaji akamsogelea na kipaza sauti chake, akijaribu kukumbuka kama huyu alikuwepo kwenye ratiba.

Binti akageuka, akamwona. Kicheko kilibaki mahali pake, macho ndiyo yaliyobadilika. Akamwinamia mama yake amnong'oneze. Ila kipaza sauti kilikuwa hapo katikati yao, na kila pembe ya ukumbi ikasikia:

"Mama, stoo umemwachia nani?"

Watu wakacheka, wakidhani ni mchezo uliopangwa. Upande wa kulia, kwa wakwe, hawakucheka. Mama wa bwana harusi alimtazama Madamu, akalitazama lile ua, akamtazama mwanamke mwenye gauni la zambarau na mikono iliyolowa maji ya barafu.

Kwa hiyo aliitwa mama kwa kipaza sauti, wakwe wakisikia.

"Sijamwachia mtu," akajibu.

Bosi alikuwa ameshaondoka. Walimwona akikimbia kwa mlango wa pembeni, tai begani.

Binti akachota kipande cha keki haraka, akamtia mama yake mdomoni kama anayempa mtoto dawa.

"Haya, mama. Sasa nenda, tafadhali. Watamaliza vyote."

Alitafuna. Alijua ni tamu kwa sababu keki huwa tamu. Alimtazama binti yake kwa karibu, poda iliyokusanyika kwenye mkunjo wa pua, lile kovu dogo la nyusi ambalo fundi wa urembo alijaribu kulifunika. Alimeza. Kisha akavuta kiti kilichokuwa nyuma ya Madamu, akaketi.

"Mama?" binti akasema.

"Nimesimama tangu asubuhi."

Madamu akabaki wima, mikono haina kazi. Akatazama kushoto na kulia, akaenda zake kwa marafiki zake, ambao wakati huo walikuwa wameletewa kreti zima mezani na kijana wasiyemjua, na walikuwa wanashangilia ukarimu wa nyumba hii.

Vinywaji vilianza kupita juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyengoja ipoe. Muziki ukapandishwa, watu wakainuka kucheza, na mjomba wa bwana harusi akaja mbele amebeba chupa mbili kila mkono. Alipofika alipokuwa Mama Kreti akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Loo! Si mama wa bia huyu? Mbona uko huku? Dozi umemwachia nani?"

"Nyamaza," mama wa bwana harusi akamwambia kwa sauti ya chini. "Huyo ndiye aliyemzaa binti."

Mjomba akaangalia chini. Ulevi ulimtoka nusu. Akaziweka chupa mezani moja baada ya nyingine, taratibu, utadhani anaweka mayai.

"Mkwe. Nisamehe, nilikuwa nakutukana kule dirishani."

"Hukunitukana. Ulikuwa na kiu."

"Nilikuita mama wa bia."

"Wengine hunitaja kwa kreti zima."

Mjomba alicheka kwa aibu, akamsogezea chupa moja. Aliishika. Ilikuwa ya moto, ya mstari wa nyuma kabisa, wa yale yaliyopangwa kurudishwa. Akanywa kidogo, akairudisha mezani.

Bosi alirudi shati limetoka nje ya suruali. Alisimama mbele yake, akihema.

"Yamekwisha. Yote. Mpaka soda."

"Mpaka soda?" Mama Kreti akauliza. Hilo lilimshangaza kidogo, maana soda huwa haziguswi.

"Umenimaliza, mwanamke! Umenimaliza mchana kweupe! Kwa kiti!"

Alikuwa na mengine ya kusema, lakini mama wa bwana harusi aliinua macho, akamtazama tu, kwa adabu, mtazamo wa kumkumbusha mwenyeji kwamba ana wageni. Bosi akachomeka shati, akaenda kuzozana na watu wa ukumbi.

Binti alikuwa anacheza na mumewe katikati ya duara la watu. Alitupa jicho mara moja kule mbele kwenye meza ndefu, akalirudisha. Huenda alikuwa amekasirika, huenda alikuwa na aibu. Kwa mbali ile haikujulikana, na mama yake hakujaribu kujua. Uani chupa tupu zilikuwa zimetapakaa. Kila moja ilikuwa na thamani yake ikirudishwa, na nyingine zilikuwa zinapasuliwa kwa miguu ya watu. Alizisikia. Alikaa.

Mama wa bwana harusi akahamisha mkoba wake, akasogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Mkwe," akasema, "sisi tulidanganywa, na mimi sitauliza kwa nini, leo si siku yake. Niambie kitu kimoja tu, maana anakuja kwangu. Huyu mtoto alipokuwa mdogo alikuwaje?"

Mama Kreti hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote.

"Alikuwa halali pakiwa kimya," akasema. "Chumba chetu kilikuwa na wateja mpaka jogoo. Akisikia kelele analala fofofo. Wakiondoka tu, anaamka, analia."

"Hee! Sasa mimi kwangu ni kimya kama msikitini. Nikimwona hapati usingizi nifanyeje?"

"Osha vyombo. Vigonganishe kidogo."

Mama wa bwana harusi akacheka, akamgusa goti. "Na kula je?"

"Kula alikuwa msumbufu," akajibu, na akaendelea kusema kwa sauti yake ya chini, hili na lile, la meno, la surua, la siku aliyoanza kutembea akishikilia makreti. Muziki ulikuwa mkubwa, ikabidi mwenzake amwinamie asikie.